Vihori Chini ya Kibao cha Aikaeli

Karibuni, kaeni. Ila wewe mwenye suruali iliyochanika magotini, usikae upande huo wa benchi, gundi haijakauka. Nimeambiwa mmetoka mjini mpaka huku Tengeru kuniuliza namna ya kuchimba vishimo chini ya skeitibodi ili gurudumu lisiguse ubao. Mmeshatazama video kwenye simu, mmeshaharibu mbao za watu, na sasa ndiyo mmekumbuka kuna mzee. Asanteni sana. Mimi nilidhani mtanikumbuka siku ya mazishi.

Kwanza tuelewane. Hivyo vishimo mnavyoviita kwa Kiingereza, mimi naviita vihori. Hori ni kile chombo cha gogo cha kulishia ndama, na aliyenifundisha kuvichonga alikuwa mchonga hori. Halafu mnisamehe, hamkuvigundua ninyi. Vimechongwa hapahapa chini ya Mlima Meru wakati baba zenu bado wanatafuta wachumba, wala havikuchongwa ili mtu aruke ngazi za benki avunjike mkono. Vilichongwa kwa sababu dada mmoja alikataa kubebwa.

Mimi nilikuwa seremala wa shirika la umma pale Arusha. Tulitengeneza madawati ya shule, mazito kiasi kwamba hakuna mwizi aliyewahi kuyagusa. Kisha kikaja kipindi cha ruksa. Ruksa sabuni, ruksa redio, ruksa viatu vya mitumba, na sisi mafundi ruksa kwenda nyumbani. Walisema tumepunguzwa. Neno zuri sana hilo, kama vile tulikuwa chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Wakatushika mikono, wakatusomea hotuba ndefu juu ya fursa, nami nikatoka getini na patasi zangu na keekee ya kutobolea. Nikaezeka bati nne karibu na soko la Tengeru, nikawa mwekezaji.

Jirani yangu alikuwa Mama Shirima, mama wa Kichaga aliyeuza viatu vya mitumba. Siku moja akafungua robota lake akakuta, katikati ya viatu, vibao vyenye magurudumu manne chini. Aisee, soko zima lilihamia pale! Mmoja akasema ni ubao wa kufulia wa matajiri. Mwingine, aliyewahi kufanya kazi kwa wazungu Usa River, akaapa kabisa kwamba ni cha kupigia pasi nguo za watoto, na magurudumu ni ili mpiga pasi asichoke. Mama Shirima aliwasikiliza wote kwa heshima, na kila aliyekuja na jibu lake alimuuzia kwa jibu hilohilo.

Vilivyobaki vikachukuliwa na wapagazi wa ndizi. Ndani ya banda la soko kulikuwa na sakafu ya saruji, basi wakawa wanaweka mkungu juu wanasukuma. Ila mbao zile zilikuwa zimechoka tangu Ulaya, zikapasuka. Mama Shirima akaniletea.

"Fundi Anaeli, vyuma ni vizima, mbao ndizo zimekufa. Nifanyie mbao."

Nikafanya. Mbao ya grivelia safi, nene, nimepiga randa mpaka inang'aa. Nilijisikia mtu. Kona ya kwanza tu, mkungu ukaruka ukatua kwenye nyanya za watu.

Sasa hapa sikilizeni, maana ndiyo somo lenu. Vyuma vile vina raba katikati. Ukiegemea upande mmoja, chuma kinapinda ili kibao kikate kona, na ubao unashuka juu ya gurudumu la upande huo. Ukishuka sana, gurudumu linauma ubao na kukwama papo hapo. Kibao kinasimama. Kilicho juu ya kibao hakina habari, kinaendelea na safari. Dawa yangu ya kwanza ilikuwa rahisi: kipande cha tairi la gari kati ya chuma na ubao, kibao kikainuka, gurudumu likapata nafasi. Kwa ndizi ilitosha kabisa, maana ndizi haina maoni.

Aikaeli alikuwa na maoni.

Huyu alikuwa binti wa Kimeru aliyeuza vitunguu na nyanya karibu na lango la soko. Miguu yake ilikataa tangu utotoni, baada ya homa, na kila asubuhi kaka yake alimleta mgongoni akamketisha juu ya gunia. Lakini mdomo! Ukimwuliza bei mara ya pili anakuuliza umekuja kununua nyanya au kuzichumbia. Watu walitoka Olasiti huko, wakapita masoko mengine yote, ili waje kununua kwake na kutukanwa kidogo. Walirudi nyumbani wameridhika.

Ninyi siku hizi mnatoa sadaka kwa simu, kwa hiyo nieleze. Kanisani kwetu, Kilutheri, hapo juu mlimani, sikukuu ya mavuno ina mnada. Mtu analeta jogoo, mayai, kibuyu cha maziwa. Mnadishaji anazunguka nacho katikati ya watu, anawachokoza mpaka watoe hela ambayo hawakupanga kutoa. Ukishanunua unaweza kusema "narudisha," kikanadishwa upya. Jogoo mmoja anauzwa mpaka anajua majina ya washarika wote. Sasa mwaka ule mnadishaji wetu alihamia Moshi, na kila mtu akasema, ah, kuna mwingine zaidi ya Aikaeli?

Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Nanyaro, mtu mwema. Nasema kweli, mwema, wema wake ulikuwa haukwepeki. Akatoka na uamuzi kwamba Aikaeli atanadisha, na kwa kuwa mnadishaji lazima azunguke, basi vijana wanne wa kwaya watambeba kwenye kiti chenye miti miwili. Kiti akaniagiza mimi.

Nikakitengeneza, kazi ni kazi. Mkangazi mtupu, na kwenye mgongo nikachonga majani ya mgomba. Kilipendeza mno. Kilikuwa kimesimama pale mlangoni kwangu wakati kaka yake Aikaeli anapita naye mgongoni.

"Simama," akamwambia kaka yake. "Kiti cha nani hicho?"

"Chako," nikasema, nikitabasamu kama mjinga.

Hakunitukana, na kwa Aikaeli hiyo ilikuwa dalili mbaya. Kisha akasema, "Kaka Anaeli, mimi nikiwa juu ya mabega ya watu wanne nitamchokoza nani? Nitaongea na vipara? Mnadishaji anamfuata mtu mpaka alikojificha. Nikibebwa, wanaonibeba ndio watakaoamua naenda kwa nani."

"Ni vijana wazuri," nikasema.

"Wote ni wazuri! Hakuna mbaya hata mmoja! Wanakubeba vizuri, halafu wakichoka wanakuweka chini. Popote. Mwaka jana kwenye harusi waliniweka nyuma ya choo, wakaenda kula, mvua ikaanza na ikaisha niko pale pale. Mimi si gunia." Akanyoosha kidole kwenye kibao cha mpagazi kilichokuwa mezani kwangu. "Nataka kile."

Nilikwenda kwa Mzee Nanyaro kwa unyenyekevu wote. Akakuna kidevu. Akasema Aikaeli akianguka mbele ya usharika aibu ni ya wote, lakini yeye si dikteta: Aikaeli ajaribu kibao chake Jumamosi, kwenye sakafu ya saruji mbele ya kanisa, yeye akiwepo. Akishindwa, Jumapili ni kiti. Nikamshukuru. Sakafu ile, kama mnaijua, ilimwagwa na wanakwaya wenyewe kwa kujitolea, na imeinama kuelekea ngazi.

Basi tukaanza, kwenye saruji ya soko. Nilimtengenezea kibao kipana cha kukaa, na vipande viwili vya mti vyenye raba chini, vya kushika mkononi na kusukumia. Mara ya kwanza niliacha vipande vyangu vya tairi, vile vya ndizi. Kibao kikawa juu mno. Alisukuma, kikayumba, kikampindua taratibu, kwa adabu. Nikatoa tairi, nikakaza nati za vyuma mpaka raba ikalia, ili kisiegemee kabisa. Hapo gurudumu halikugusa ubao, kweli. Ila hakikukata kona pia. Kibao kikawa na msimamo kuliko wazee wa kanisa, kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya viatu vya Mama Shirima.

Ndipo nikapata akili ya kuchonga. Kibao kibaki chini, nati zilegee, na pale gurudumu linapouma, ubao uondolewe. Hii ni akili nzuri. Lakini utajuaje linauma wapi hasa? Inabidi mwenyewe akae juu, aegemee huku na huku, na fundi alale chini achungulie. Sasa mimi, baba wa familia, nilale chali sokoni nichungulie chini ya binti wa watu ambaye hajaolewa? Kaka yake amesimama pale? Hata! Nilikuwa na adabu zangu. Nikachukua mkungu wa ndizi unaolingana naye uzito, nikauweka juu ya kibao, nikauinamisha kulia, nikauinamisha kushoto, nikaweka alama kwa penseli. Nikachonga vihori vinne vizuri kama sahani.

Ijumaa akakijaribu. Alikwenda vizuri mpaka kwenye nguzo, akaegemea akate kona, na gurudumu likauma ubao nje kidogo tu ya kihori changu. Aliruka. Kiwiko kikachubuka, jino la mbele likatoka kipande.

Nilimkimbilia. Alikuwa amekaa sakafuni, damu mdomoni, anakitazama kibao kilichopinduka na zile alama zangu za penseli. "Ulimpima nani?" akaniuliza. Nikamwambia ukweli, sikuwa na namna.

"Mkungu wa ndizi," akasema. "Mimi."

Na akalia. Sikuwahi kumwona akilia, wala sokoni hakuna aliyewahi. Hakulilia jino. "Kesho kutwa watanibeba," alisema, "na watafurahi sana." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni ile ile nikapanda mlima kwa Mzee Akyoo. Huyu ndiye mwalimu wangu wa kweli, ingawa shirika halikumjua. Alichonga hori za ndama na mizinga ya nyuki, na alinifundisha kushika bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, kabla sijaota ndevu. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Anaeli, ndizi imewahi kukata kona kwa hiari yake?"

"Hapana, babu."

"Ndizi inaogopa? Inainama mbele ikimwona adui? Inajipinda kiunoni?"

"Hapana, babu."

"Basi nenda ukampime mwenye kibao. Na kama unaona haya, tafuta mama mtu mzima asimame hapo. Akina mama hawapo Tengeru?"

Alinipa na mambo mawili mengine, nami nawapa ninyi bure, ingawa hamjaleta hata kilo ya sukari. La kwanza, masizi. Unayakwangua kwenye kitako cha sufuria, unayapaka kwenye magurudumu, kisha mwenye kibao anakaa na kuegemea kwa nguvu zake zote. Gurudumu lenyewe linakuchorea ubaoni mahali linapouma. Unachonga hapo kwenye weusi, na upana wa kidole zaidi ya hapo. La pili, kina. Hamna macho ya kuona ndani ya mbao, msijidanganye. Pima kuanzia ncha ya keekee, funga uzi pale unapotaka ikomee, toboa vitundu vingi mpaka uzi uguse ubao. Kisha chonga kwa bobari, kwa kufuata nyuzi za mti, taratibu. Vitundu vikipotea, weka chombo chini ukanywe chai. Wale mliozoea kuendelea "kidogo tu", ndio mliotoboa mpaka upande wa pili, najua, nimewaona mkitazamana.

Jumamosi asubuhi Mama Shirima akafunga meza yake, akaja na khanga, akamfunika Aikaeli miguu, akasimama juu yangu mikono kiunoni. "Fundi, wewe tazama ubao. Mimi natazama macho yako."

Aikaeli akaegemea kulia kana kwamba anamfuata mdaiwa. Akaegemea kushoto. Akajirusha mbele. Lo! Alama za masizi zilitokea mahali ambapo mkungu haukuota kufika, karibu kabisa na ukingo. Nikachonga, nikapiga msasa, nikapaka nta ya nyuki aliyonipa Mzee Akyoo, maana ubao uliochongwa unakunywa maji kama sifongo. Hatukuwa na muda wa kujaribu sokoni. Tulikwenda moja kwa moja kanisani.

Mzee Nanyaro alikuwa amesimama katikati ya sakafu, juu kidogo ya ngazi, mikono nyuma. Aikaeli akaanzia mlangoni. Sakafu ilimchukua kwa kasi, nikaona anaelekea kwenye ngazi, na midomo yangu ikaanza sala ambayo sikuimaliza. Akaegemea. Kibao kikalala upande, gurudumu likazama kwenye kihori chake likazunguka bila neno, na yeye akapita nyuma ya Mzee Nanyaro. Akapita mbele yake. Akapita tena nyuma. Mzee alikuwa anageuka kumfuata mpaka ikabidi aombe mahali pa kushika.

"Vema," akasema alipotulia. "Vema sana. Lakini kesho kiti kije pia. Kwa tahadhari tu."

Nimewaambia wema wake haukwepeki.

Jumapili ile, wanangu, sijui niwaelezeje. Alivaa gauni la njano na pengo lake jipya, na alinadisha kama mtu aliyesubiri tangu azaliwe. Kulikuwa na baba mmoja mwenye maduka aliyezoea kujificha nyuma ya nguzo ibada ikiisha. Aikaeli akazunguka nguzo kwa kulia, baba akahamia kushoto, Aikaeli akazunguka kwa kushoto. Watu walikaa chini kwa kicheko. Baba yule alinunua jogoo, akasema narudisha, akanunua tena jogoo yule yule kwa woga. Mimi sikutazama watu. Nilitazama magurudumu, na kila kona moyo wangu ulikuwa pale chini ya kibao.

Vitu vilipoisha, akasimamisha kibao mbele ya kile kiti kilichowekwa kando kwa tahadhari.

"Washarika, kimebaki hiki. Mkangazi. Mgongo una majani ya mgomba, fundi kajitahidi. Hakijakaliwa hata siku moja. Nani anapenda kubebwa?"

Mtu akataja bei, akakinunua, akasema narudisha. Mwingine akakinunua, narudisha. Kiti kikazunguka usharika mzima, hakuna aliyekitaka nyumbani kwake, na kila kikirudi Aikaeli alisukuma kibao kidogo kuelekea alikokaa mwenyekiti. Mwishowe kibao kilisimama miguuni pake kabisa. "Baba Nanyaro, wewe ndiye uliyekiwaza." Mzee akatoa hela. Akafungua mdomo aseme narudisha, na usharika mzima ukapaza sauti, "Hakirudi!" Akacheka naye, inabidi tumpe haki yake. Akaondoka nacho.

Baada ya hapo Aikaeli hakubebwa tena kwenye mnada wowote. Nilimbadilishia mbao mara nyingi, grivelia haidumu milele, lakini kila mara nilipima kwa masizi, yeye akiwa juu na mama mtu mzima pembeni. Hata alipoolewa, mumewe ndiye aliyesimama mikono kiunoni.

Ngoja nimalizie, halafu mwende mkachonge. Miaka ikapita, magoti ya Mzee Nanyaro yakagoma. Wajukuu zake wakakitoa kile kiti stoo, wakapangusa vumbi, wakaanza kumbeba. Wajukuu wazuri sana, hakuna mbaya hata mmoja. Siku niliyopita kumsalimia nilimkuta yuko uani peke yake, kiti kimewekwa chini karibu na banda la ng'ombe, kivuli kimeshamhama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Anaeli. Wameniweka hapa wakaenda kula." Akapangusa jasho, akatazama mlangoni kama kuna anayesikia. "Hivi, fundi. Vile vihori vyako. Vinaweza kuchongwa kwa mtu wa uzito wangu?"

"Vinaweza. Na mgongo wa kibao chako tutautoa kwenye hicho kiti."

Akafikiri. Macho yake yalikuwa na maji, nami nikajifanya natazama ng'ombe.

"Haya," akasema. "Ila nakuomba, Aikaeli asijue."

"Mzee," nikamwambia, "Aikaeli ndiye aliyenituma."

Akamwita mkewe jikoni, akamwambia alete sufuria lenye masizi.